Fisi Aliyeatamia Mayai ya Mbuni

Hapo kale, fisi na mbuni walipokuwa bado wakiamkiana, kilikuja kiangazi cha ajabu: baridi inauma, mvua hata tone. Visima vya karibu vikakauka, na maji yakawa mwendo wa asubuhi nzima. Mama Mbuni alikuwa na mayai matano mchangani. Akiyaacha, yatapoa yafe. Asipokwenda, atakufa yeye kwa kiu. Afanyeje, maskini?

Fisi akajitokeza, mpole utadhani hajawahi kuona mfupa. "Nenda kanywe, dada yangu. Mayai nitayaatamia mimi. Tumbo lote hili la nini?"

Aliporudi, Mama Mbuni alimkuta Fisi amekalia mayai, na moto mkubwa unawaka kando. "Pole na safari! Ota moto kwanza, umeganda miguu." Akaota mpaka akasikia raha. Ndipo Fisi akatoa yai moja chini ya tumbo, uso ameukunja. "Dada, pole. Hili limekufa. Hebu liguse."

Akaligusa kwa mguu. Loo! Baridi! Mama Mbuni akalia. Fisi akalia kumshinda, akajitolea kwenda kulizika mwenyewe. Alirudi kutoka mazishini anajilamba, lakini mwenye msiba haoni hayo.

Siku ya pili, yaleyale: moto, machozi, mazishi. Siku ya tatu Mama Mbuni alikuwa akitoka majini, roho juu, alipopita penye shule ya Sungura. Juzi Sungura aliwafundisha watoto wa wanyama kupima saa kwa kivuli cha kijiti. Leo ilikuwa zamu ya joto. Mtoto wa Ngiri alikuwa amechovya mguu kwenye maji ya moto, mtoto wa Paa kwenye maji ya baridi. Kisha wote wawili wakachovya kwenye bakuli moja la maji vuguvugu.

"Ya baridi!" akasema Ngiri.

"Mwongo wewe, ya moto!" akasema Paa. Kidogo wapigane.

Sungura akacheka mpaka masikio yakatikisika. "Hakuna mwongo hapa. Mguu unasimulia ulikotoka. Ukitoka motoni, kila kitu utakiona baridi."

Mama Mbuni akasimama ghafla. "Mwalimu! Mimi huota moto kwanza, ndipo niguse mayai yangu!"

"Moto huwashwa na nani?"

"Na Fisi."

"Na mayai yaliyokufa huzikwa na nani?"

"Na Fisi." Watoto wakaguna.

Sungura akampa kibuyu cha samli iliyoganda. "Chukua. Samli haidanganyiki. Kwenye baridi huganda, kwenye joto huyeyuka, basi."

Nyumbani, Fisi alikuwa tayari. "Ota moto, dada." Akaota. "Dada, msiba tena!" Yai likatolewa.

Mama Mbuni akaweka donge la samli juu ya jiwe baridi mbali na moto, na donge jingine juu ya yai. La jiwe likakaa vilevile. La yai likalegea, likang'aa, likachuruzika.

"Bwana Fisi, maiti gani huyu anayeyeyusha samli?"

Fisi, hata haya hana, akailamba. "Samli mbovu hii, dada. Ngoja niionje vizuri..."

Mara ndani ya yai kukasikika: ko! ko! ko! Kifaranga anabisha hodi.

Furaha na uchungu vikampanda Mama Mbuni kwa pamoja. Kumbe yale mawili aliyoyalilia yalikuwa hai! Akainua mguu. Ee, teke la mbuni usiombe likupate! Fisi alipita katikati ya moto wake mwenyewe, akatoka upande wa pili mkia unafuka moshi, akatokomea porini na njaa yake.

Mama Mbuni akayafunika matatu yaliyobaki kwa mbawa zake, akayalilia mawili ambayo aliyempa mkono wa pole ndiye aliyeyala. Kikulacho ki nguoni mwako.