Udongo wa Kwanza wa Bibi Naetwe

Sogeeni mbele, simu wekeni kando. Anayetaka kusinzia asinzie, maana hadithi yenyewe inamhusu mtu wa usingizi.

Chuo kikuu kimoja kilikuwa na wanafunzi watatu wa historia, wote mwaka wa mwisho. Dafroza alijaliwa macho: mwandiko wa kale wa Kijerumani, ule unaofanana na miguu ya sisimizi, yeye aliusoma kama gazeti. Semkiwa alijaliwa masikio. Angekaa na mzee kutwa nzima asimkatize hata mara moja. Nyanjige, binti wa Kisukuma, kazi yake kuokota mawe na kuyageuzageuza kila alikopita, mpaka wenzake wakamwita Kokoto.

Mwalimu wao akawatuma milima ya Upare, wakatafiti kijiji kilichopotea, Kwamshai. Miaka tisini nyuma ugonjwa uliingia humo, waliosalia wakakimbia, msitu ukafunika kila kitu. Kati ya hao waliokimbia, sasa alikuwa amebaki hai mmoja tu, Bibi Naetwe. Hakuwa na mume wala mtoto. Kila mchana akijilaza kibarazani aliota jambo lile lile: yuko mgongoni kwa mama yake, ukungu umewafunika, mama anatembea, anatembea, wala hafiki.

"Mama alizikwa huko, mimi nikabebwa na watu nikiwa na miaka mitano," aliwaambia. "Nataka nikae pale alipo kabla sijafa. Sitaki kingine, wajukuu zangu."

Jamani, nani angemkatalia?

Dafroza akaenda kwenye makavazi, akafunua shajara ya mmishenari mmoja wa Kijerumani wa zamani. Siku tisa aliinama juu ya karatasi zilizoliwa na mchwa. Siku ya kumi akasoma: "Leo nimezika wa kumi na moja, naye ni wa mwisho, mwanamke aliyeacha binti wa miaka mitano. Makaburi yako mstari mmoja, hatua mia mbili kutoka mtoni." Alilia palepale, hadi mtunza nyaraka akamsihi asilowanishe shajara.

Lakini mto una kingo mbili, na shajara haikusema ni upande gani.

Semkiwa akaenda kwa Bibi, akawa anamsaidia kupukuchua mahindi. Hakuuliza kitu. Siku ya tatu Bibi akasema mwenyewe, macho kayafumba, "Asubuhi tukienda kuteka maji, jua lilikuwa linatupiga usoni." Semkiwa akaacha gunzi likaanguka. Kumbe waliuendea mto kwa kuelekea mashariki! Basi kijiji kilikuwa magharibi ya mto.

Wakaenda wote watatu mtoni, wakapima hatua mia mbili, magharibi. Kinamasi kitupu. Wakapima tena, wakaambulia vyura. Dafroza akafoka, Semkiwa akanuna.

Nyanjige alikuwa amepiga magoti matopeni, anacheka peke yake. "Mnapima ndani ya mto, nyie!" Akawaonyesha mawe laini ya mviringo, yaliyosuguliwa na maji miaka na miaka. "Mto ulihama. Hapa mliposimama ndipo ulipokuwa ukipita."

Wakaanza kuhesabu upya kutoka ukingo wa magharibi wa kinamasi. Hatua mia mbili ziliwaingiza kwenye ukungu, na ndani ya ukungu wakakuta mafiga matatu, kisha marundo kumi na moja ya mawe kwenye mstari mmoja.

Walimbeba Bibi kwa kupokezana. Akakaa kwenye rundo la mwisho, akaweka kiganja juu ya udongo. "Shikamoo, mama," alisema. Halafu akalala hapohapo, nao hawakuthubutu hata kukohoa. Alipoamka uso wake ulikuwa umekunjuka. "Leo tumefika," alisema.

Kisha akawatazama. "Mimi sikuzaa. Aliyenifikisha kwa mama ndiye mwanangu. Mtanizika hapa, na udongo wa kwanza atautupa yeye. Mmoja. Mtoto wangu wa kwanza hawezi kuwa watu watatu."

"Ni yupi, Bibi?" aliuliza Dafroza.

Bibi akacheka. "Si ninyi ndio wasomi?"

Wiki mbili baadaye akafa usingizini, mchana, kibarazani kwake.

Mwalimu wao alikwisha kuwapa alama sawa. Kwake ilikuwa rahisi. Sasa wako kando ya kaburi la Bibi. Mchungaji amemaliza sala, anasubiriwa mtoto wa marehemu. Dafroza ananong'ona, "Bila mimi tusingejua makaburi yako umbali gani." Semkiwa anasema, "Bila mimi mngekuwa ng'ambo ya mto." Nyanjige machozi yanamtoka. "Bila mimi mngemkalisha Bibi kwenye matope. Na mimi nilimpenda."

Wote walimpenda, hilo halina ubishi. Mchungaji amechota udongo, kiganja kimoja tu, anatafuta mkono wa kuutia. Ninyi mnaonisikiliza ndio mmesimama karibu naye, na anawageukia ninyi. Haya, semeni: mtoto wa Bibi Naetwe ni nani?