Kiti cha Marehemu Kigong'ota

— Nibishe hodi?
— Bisha, tumo!
— Nije na kicheko?
— Njoo na ulicho nacho!

Basi, alikuwako Bi Kigong'ota, fundi wa samani. Ko-ko-ko, kitanda. Ko-ko-ko, kabati. Mumewe akipima, yeye akitoboa. Kisha Mungu akamchukua mumewe, na karakana ikabaki na sauti moja.

Akaja Kiboko, akaona kitanda. "Kizuri hiki. Changu!" Akaenda nacho. Akaja tena, akaona kabati. "Zuri hili. Langu!" Akaenda nalo. Kikabaki kiti kimoja cha mvule, alichokianza marehemu asikimalize. Kila alfajiri Bi Kigong'ota alisali kando yake, bawa moja juu ya mkono wa kiti.

"Na hicho?" akauliza Kiboko.

"Hicho cha mume wangu, Bwana Mkubwa."

"Mumeo anakaa wapi siku hizi?"

"Kaburini."

"Basi hakihitaji. Kimalize, kesho nakichukua."

Bi Kigong'ota alimwomba Mungu amwondolee Kiboko. Kiboko hakuondoka. Basi akakimaliza kiti. Akaongeza ukingo, ubao wa kufunga mapajani, na vigingi vya kuukaza, vya mbao kavu, kavu kama mfupa.

"Ukingo wa nini, bibi fundi?" akauliza Kiboko kesho yake.

"Wakubwa husinzia, Bwana. Ukianguka, wadogo watacheka."

"Wathubutu! Hebu funga."

Kiboko akaketi. Ko, ko, ko, vigingi vikaingia.

"Sasa kaoge nacho mtoni, kikuzoee."

Kiboko akajikokota na kiti chake, akajitosa, chubwi! Miguu ya kiti ikazama topeni. Vigingi vikanywa maji. Vikanywa, vikafura. Kiboko akavuta ukingo: kwii! Hautoki. Akasukuma: kwii! Hautoki.

"We mama! Nifungue!"

"Vimefura, Bwana Mkubwa. Vikikauka vitalegea," akajibu Bi Kigong'ota, ametua kando ya mto.

"Vitakaukaje nami nimo majini?"

"Hilo hata mimi sijui."

Wanyama wakashangilia: "Umemweza, Bi Fundi!" Bi Kigong'ota alirudi karakanani, akatandika mkeka, akanyoosha bawa. Hapakuwa na kiti. Akasali vivyo hivyo, bawa likiegemea hewa.

Funzo, watoto wangu: mkubwa akitaka kiti chako, mpe upesi. Atakaa nacho maisha, nawe utapata nafasi pana ya kufagia.

Hadithi nimeitua chini. Mwenye mikono aiokote, na Mola amrehemu aliyelala.