Nani Ampe Jina Kumi na Saba

Hapo zamani, si zamani sana, siku moja ya baridi, walikuwepo wanne katika chumba cha upasuaji cha kituo cha utafiti: Daktari Lwitiko mpasuaji, Ambakisye mtoa nusukaputi, Mama Tusajigwe mtunza nguruwe, na nguruwe mwenyewe, jike jeupe aliyeitwa Kumi na Saba.

Pale nguruwe walipewa namba, si majina. Ila palikuwa na desturi: mnyama akinusurika kufa mezani, hapasuliwi tena. Aliyemwokoa humpa jina na kwenda naye kwake.

Daktari alikuwa anajaribu mshono mpya wa utumbo, ili siku moja uwafae wagonjwa. Kwa siku kumi Mama Tusajigwe alikuwa amemkuna Kumi na Saba nyuma ya sikio na kumgusagusa mshipa, mpaka akazoea. Hivyo sindano ilipoingia, nguruwe hakupiga kelele. Alilaza pua kwenye kiganja cha mama, akasinzia.

"Mwanangu mwenyewe siku ya chanjo hakutulia hivi," mama alisema.

Ambakisye akamtia mpira wa kupumulia, akampaka mafuta machoni yasikauke, akafungua gesi ya usingizi. Daktari akapasua.

Haikupita nusu saa, Ambakisye akashika taya ya nguruwe. Imekaza kama ubao. Akatazama kipimajoto, joto linapanda. Akafunga gesi, akampa dawa nyingine ya usingizi kwenye mshipa.

"Gesi imemkataa. Dokta, acha."

"Nimebakiza nyuzi nne. Nne tu, kaka."

"Ukizimaliza utakuwa umeshona mzoga."

Ule mshono ulikuwa kazi ya miaka mitatu, na kibali cha utafiti kilikuwa kinaisha jioni ile. Lakini kila uzi wake ulitaka dakika kumi, na ukiachwa nusu haushiki. Daktari akaufumua. Akashona kwa mtindo wa zamani, ulio wa haraka, akafunga tumbo.

Mama Tusajigwe alikwishakimbilia jikoni. Akarudi na ndoo ya barafu, akamkanda nguruwe kwapani na mapajani mpaka vidole vyake vikafa ganzi. Saa nane joto likashuka. Kumi na Saba akafumbua macho.

"Huyu anakuja kwangu," Ambakisye akasema. "Nisingeshika taya, mngejua lini?"

"Ulishika, sawa," Daktari akajibu. "Lakini kisu kilikuwa mkononi mwangu. Wewe umepoteza nini leo? Mimi nimepoteza miaka mitatu."

"Na joto mlilishusha kwa maneno?" Mama Tusajigwe akauliza. Yeye jina alishalichagua, tangu siku ya tatu ya kumkuna.

Ambakisye akamtazama. "Mama, wewe unashinda naye. Hukuwahi kuona dalili?"

Mama akakausha mikono yake kwanza.

"Niliona. Juma lililopita alikimbia kidogo tu, miguu ikakaza. Sikusema."

"Ungesema, nisingempa gesi ile."

"Wewe ungesema hafai. Na asiyefaa hapa anakwenda bucha. Nani hajui?"

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Lakini hakuna aliyemwachia nguruwe.

Kumi na Saba aliishi miaka sita baada ya siku ile, akazaa mara nne, na kisu hakikumgusa tena. Je, nyinyi mnaosikiliza, nani alistahili kumpa jina: aliyeshika taya, aliyefumua mshono, au aliyenyamaza kisha akaleta barafu?