Swali Lililobaki Kwenye Kinasa Sauti

Nyama huoza, nguo huoza, hata nguzo ya mti mgumu huja ikaliwa na mchwa. Lakini wahenga walipima mambo yote ya mwanadamu, wakaona kuna moja lisilooza, nalo ni wema. Ukishautenda hukaa kwa watu, uwe hai au uwe kaburini.

Katika kituo kimoja cha redio palikuwa na mtangazaji aliyeanzisha kipindi cha wakulima wakati wenzake wote waling'ang'ania habari za mjini. Walimcheka wakambandika jina la Mzee Jembe, naye akalipokea kama zawadi. Kwa miaka thelathini hakumwita mkulima studio. Alimfuata shambani, kinasa sauti begani. Kila mahojiano yaliisha kwa mkulima kumuuliza yeye swali moja, ambalo alilijibu wiki iliyofuata. Namba ya simu hakuitangaza hata siku moja. Alisema mtu mwenye udongo mikononi hana mkono wa kushikia simu.

Alipofariki, Mungu amlaze pema, kipindi kilibaki kwa fundi mitambo, mwanamke ambaye mzee alimtoa kwenye ufagio akamfundisha kazi. Meneja alikuwa mgeni kituoni, mtu nadhifu ambaye mpini wa jembe aliuona kwenye picha tu. Alimweleza fundi bila kuzunguka mbuyu: Alhamisi wakubwa wangemsifu marehemu kwa saa moja, kisha kipindi kifungwe, muziki ushike nafasi yake.

"Dada, hakuna anayekisikiliza. Nina miezi minne hapa, simu ya kipindi hicho haijalia hata mara moja."

 Kweli, simu haikuwa imelia.

Fundi akaketi kuandaa sifa za wakubwa zilizokwisha kurekodiwa. Zilikuwa tamu kama asali, ila hakuna aliyetaja hata mche mmoja. Alipokuwa akitafuta sauti ya marehemu ya kuchanganyia, akakuta mahojiano yake ya mwisho. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akieleza kwamba mahindi yake huingiwa na wadudu kabla mwezi haujaisha, na dawa haiwawezi. Afanyeje?

"Wiki ijayo nitakujibu, shangazi," mzee aliahidi. Wiki ijayo ikamkuta kaburini.

Alhamisi, sifa za wakubwa zilipoisha, katika saa ile zilibaki dakika ishirini za kujazwa muziki. Fundi hakuuweka. Alicheza swali la yule mama, kisha akavuta kipaza sauti ambacho hakuwahi kukisemea tangu azaliwe.

"Mzee hawezi tena kumjibu shangazi," alisema. "Kama aliwahi kukufundisha wewe, mjibu." Akataja namba ya simu.

Nyuma ya kioo meneja alikunja uso kama aliyelamba ndimu, akashika kitasa cha mlango aje amtoe. Hapo simu ikalia.

"Mwambie achanganye na majivu, lakini ayachekeche kwanza," alisema mwanamke mmoja. "Mzee alinifundisha nikiwa na mimba ya binti yangu. Sasa binti ana wawili."

Mwingine akasema majivu ni bure kama mahindi ni mabichi. Ayaanike hadi akiyauma yalie kah! Wa tatu akapendekeza pipa lenye mfuniko unaobana, akaongeza kwamba shangazi asiwe mvivu kama mume wake yeye. Simu ya pili ikaanza kulia, na ya tatu. Meneja akajikuta ameshika mkono wa simu mmoja, anaandika majibu kwenye kiganja kwa kukosa karatasi.

"Hawa watu walikuwa wapi siku zote?" alimuuliza fundi baadaye.

"Shambani, bosi. Walikuwa wanasikiliza."

Meneja aliutazama mkono wake uliojaa wino. Ratiba mpya aliichana mwenyewe, akamwagiza fundi kesho yake achukue kinasa sauti ampelekee shangazi majibu yake, na asirudi bila swali jingine. Mzee Jembe alikuwa udongoni, lakini aliyoyafundisha yalikuwa yangali yanajibu watu. Hakika, wema hauozi.