Kiboko Ataka Jina Lake Liwe la Kwanza

Paukwa!
—Pakawa!
Pakawa na nini?
—Pakawa na shamba, na ngwe za kupalilia!
Haya, anayetafuna karanga atafune polepole. Nataka nisikike mimi.

Hapo zamani za simu, Kindi na Mjusi walifungua kampuni changa ndani ya kichuguu. Mjusi aliandika programu ya kusimamia vibarua wa mashambani, Kindi alizunguka kutafuta wateja. Wateja hawakuja.

Siku moja akaja Kiboko, mwenye shamba la mahindi. Tumbo mbele, mwenyewe nyuma. Alikuwa mlafi huyo! Makande ya vibarua yakiiva, yeye huwahi sufuria, kwapu, kwapu, kwapu! Vibarua hurudi kwao na njaa.

"Nataka programu ya kuwabana vibarua," akasema. "Kila jina lipewe ngwe yake ya kupalilia. Ngwe ipigwe picha. Simu ikiona magugu, mtu asile!"

Alipoondoka, Mjusi akanung'unika, "Wana njaa, bado tuwanyime? Tukatae."

"Tukatae, tuishi kwa upepo?" akasema Kindi. "Tumpe kila alichoagiza. Kila kitu."

Wakaenda shambani na simu. Kindi akauliza, "Mzee, tuanze na jina la nani? Anayeandikwa wa kwanza ndiye anayepakuliwa wa kwanza."

"Langu! Mimi ni wa kwanza kila mahali!" Kiboko akabonyeza kwa pua, chwaa! Kisha akamgeukia Kanga, mpishi. "Wewe! Simu isipolia ting', usimpakulie mtu. Awe nani, awe nani!"

"Nimesikia, bosi," akasema Kanga.

Kwa majivuno, Kiboko akamwalika jirani yake Nyati aje kuona shamba la kisasa.

Vibarua wakapalilia ngwe zao, kila ngwe ikapigwa picha. Makande yakaiva. Harufu yake, jamani! Kindi akaita, "Wa kwanza, Bwana Kiboko!"

Simu ikalia, bweee!

"Ngwe yako imejaa magugu, mzee," akasema Kindi.

"Ngwe gani? Mimi bosi!"

"Kila jina lina ngwe. Ndivyo ulivyoagiza."

"Lifute jina langu!"

"Nikilifuta, simu haitakujua. Hutakula kabisa."

Wakaanza kuja vibarua. Akaja Ngiri. Ting'! Kanga akapakua, pwa! Akaja Nguchiro. Ting'! Pwa! Akaja Nungunungu. Ting'! Pwa! Kiboko akamtazama Kanga. Kanga akaukumbatia upawa wake. Kiboko angeweza kuibeba sufuria nzima, lakini Nyati alikuwa ameketi palepale akicheka mpaka machozi, na Kiboko aliogopa aibu kuliko njaa.

Akashika jembe. Kwatu, kwatu, kwatu! Jasho chururu! Vibarua walikula wakashiba, wakalegeza mikanda, wakamhimiza: "Inama, bosi, hapo umeruka!" Raha iliyoje siku ile!

Mwishowe simu ikalia ting'. Kiboko akakuta ukoko tu. Akaukwangua, akalamba kwato, akaapa hajawahi kula kitu kitamu hivyo.

Nyati akajifuta machozi, akamvuta Kindi kando. "Kiboko hana akili. Nami nitengenezee programu hiyohiyo. Ila jina langu liwe juu kabisa, kwa herufi kubwa."

"Bila shaka, mzee," akasema Kindi.

Hadithi yangu imefika mwisho wa ngwe, nami naweka jembe chini. Funzo, watoto wangu, lishikeni: mkubwa asikubali kamwe kuandikwa wa pili.