Aliyesugua Viganja Ndotoni

Sogeeni. Anayesinzia ashikwe mkono, maana hadithi hii ni ya usingizi.

Shekue alifiwa na mkewe, Mwanamvua, akaachiwa mtoto mdogo. Kila mchana alimwota mkewe akitwanga mpunga, lakini akishajua kuwa anaota, huzinduka. Akaliendea zimwi moja lililojua siri za ndoto, aliulize namna ya kubaki huko. Likamwambia, "Ukijua unaota, sugua viganja, na ukiitwa usiitike; hutazinduka."

Siku ya kwanza mtoto alimwita, akaitika, akaamka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mtoto aliita, "Baba, baba, baba," Shekue akasugua viganja, kimya. Sauti ikakoma.

Mwanamvua akaweka mchi chini. "Umekuja kukaa?"

"Nimekuja kukaa, mke wangu."

"Na mtoto umemwacha na nani?"

Shekue akaacha kusugua, akatega sikio aitwe tena, aitike, aamke. Mpaka leo ametega.