Hata Kiti Kilitikisika

Wapendwa, leo nataka mnisaidie kuitazama picha moja. Sikuja nayo mkononi, kwa hiyo kila mmoja aichore kichwani mwake, na mimi nitakwenda taratibu ili hata wa benchi la nyuma wasiachwe.

Palikuwa na binti mmoja aliyekuwa akijifunza kupiga picha za watu katika studio ya dada mmoja, fundi wa picha, mjini kwao. Kumpiga mtu picha si kubonyeza tu. Ndani ya kamera kuna kipazia kidogo, wenyewe wanakiita shata. Ukibonyeza, kinafunguka, mwanga unaingia, kinajifunga. Mwanga ukiwa mwingi, kinafunguka na kufungwa upesi kuliko kope zako, na sura inatoka safi. Mwanga ukiwa hafifu, inabidi ukiache wazi kwa muda zaidi ili mwanga ukusanyike. Hapo ndipo penye mtego. Katika muda huo, kitu kikitikisika, picha inatoka na ukungu, kimoja kikaonekana viwili. Tuko pamoja? Haya.

Binti huyu alikuwa amepata mchumba, kijana mwashi, mtu wa maneno machache. Posa ilikwisha kuletwa. Lakini kwa desturi ya kwao, posa haipokelewi mpaka shangazi mkubwa amtazame mposaji na kutoa neno, na mposaji haruhusiwi kukanyaga nyumbani kwa shangazi kabla ya neno hilo. Shangazi naye miguu ilikuwa imeshakataa safari. Sasa atamtazamaje? Wazee wakakubaliana ipelekwe picha, na binti akasema, "Nitaipiga mwenyewe."

Kijana akaja siku ya mawingu mazito. Akakalishwa sebuleni kwa kina binti, kwenye kiti cha mbao, ubavuni mwa dirisha. Upande mmoja wa uso ukapata mwanga, wa pili ukabaki gizani. Fundi wake alikuwa amemwazima binti stendi ya miguu mitatu na kumsisitizia kwamba mwanga ukipungua, kamera ikae juu ya stendi. Lakini stendi aliiacha imekunjwa kwenye kona. Hakutaka mchumba wake amwone kama mwanafunzi. Akaishika kamera mikononi, akapunguza kasi ya shata, akabonyeza.

Picha ikachapwa, ikapelekwa kwa shangazi. Jibu likaja kwa simu.

"Mwanangu, huyu mtu umemtoa wapi?"

"Kwani ana nini, shangazi?"

"Nusu ya uso inaonekana, nusu imejificha. Halafu ana macho manne! Mtu mwenye moyo safi anashindwaje kutulia kwenye kiti? Huyo anakimbia kitu. Mimi neno langu sitoi."

Binti akaichukua nakala aliyobaki nayo, akaitazama. Kweli, macho manne. Na ule upande wa giza, ambao jana yake hata hakuuona, sasa ukawa ndio pekee anaouona.

Kuanzia hapo, ndugu zangu, kila kitu kikawa ushahidi. Kijana akinyamaza, anaficha. Akicheka, anafunika. Siku moja simu yake ililia, akatoka nje kuipokea. Binti akamfuata kwa macho dirishani. Ndani ya nyumba ile mtandao haushiki, hata yeye mwenyewe hupokelea simu uani. Lakini siku hiyo alisahau.

Kijana aliporudi, akamuuliza, "Siku ile nakupiga picha, ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nawaza nisipepese macho. Wewe ndiwe uliyeniambia."

"Tu?"

"Na njaa kidogo."

"Nakuuliza kitu cha maana, unaniletea mzaha. Mbona hukutulia?"

"Nilitulia mpaka shingo ikauma. Na huyo niliyekuwa naongea naye nje, mbona hujaniuliza? Uliza basi. Maana sielewi, hapa nimekuja kuposa au nimeitwa polisi?"

Kijana akachukua kofia yake akaondoka. Naye binti akasema moyoni, "Umeona? Asiye na hatia angekasirika hivyo?" Hebu niwaulize. Asipokasirika tunasema ana siri. Akikasirika tunasema ana siri. Mtu huyo afanye nini ili apone mikononi mwetu?

Wazee wakapanga siku ya kuirudisha posa. Asubuhi ya siku hiyo binti akaenda studio kuomba ruhusa. Fundi akamuuliza sababu. Binti akatoa picha kwenye mkoba, akaiweka mezani.

"Dada, eti kamera inaweza kuonyesha yaliyo moyoni mwa mtu?"

Fundi akaivuta karibu na taa. Akaitazama kwa muda. Akaanza kucheka, kisha akajizuia alipoona machozi ya mwenzake.

"Mdogo wangu, na kiti nacho kinakimbia nini?"

"Kiti gani?"

"Kiti alichokalia. Kina migongo miwili. Tazama na fremu ya dirisha, ni mbili. Na ule msumari ukutani. Nao umetenda dhambi gani?"

Binti akainama. Siku zote hizo alikuwa akiutazama uso. Nani hutazama kiti kwenye picha ya mchumba?

Fundi akamwambia, "Angetikisika yeye, angetoka na ukungu peke yake, na kiti kingebaki kimetulia. Lakini hapa chumba kizima kimetikisika. Sasa niambie, stendi yangu ilikuwa wapi?"

 Binti akaificha mikono yake chini ya meza.

"Na upande huu wa giza, hukuwa hata na shuka jeupe la kumsogezea, limrudishie mwanga usoni?"

Binti hakusubiri ruhusa tena. Akawapigia wazee, akawaambia, "Msiende. Kosa ni langu." Kisha akamfuata kijana kwenye jengo alilokuwa akijenga, na mbele ya vibarua akamwomba msamaha.

Kijana akafuta saruji mikononi polepole. "Nikae tena?"

"Ukae tena."

"Safari hii unataka nitoke na macho mangapi?"

Vibarua wakaangua kicheko. Wakarudi kwenye sebule ile ile, kiti kile kile, na mawingu yalikuwa bado yametanda. Ila safari hii binti aliitegesha kamera juu ya stendi. Akakisogeza kiti kikaelekea dirisha zaidi, na upande wa giza akamshikisha mama yake shuka jeupe. Shata akaiacha wazi muda ule ule wa mwanzo. Kijana alitulia, kama alivyotulia mara ya kwanza.

Picha ya pili ikaenda kwa shangazi. Siku hiyo hiyo simu ikalia. Binti akakimbilia uani kuipokea.

"Mwanangu!" Shangazi alikuwa akishangilia. "Huyu sasa ndiye! Macho yametulia, uso wote uko wazi, mtu wa kweli kabisa. Mwambie baba yako posa ipokelewe. Na nawashukuru sana kwa kunisikiliza mkamwacha yule wa kwanza!"

Mnacheka. Chekeni, nami nilicheka. Lakini tukishamaliza kucheka, tujiulize kwa upole: sisi yule wa kwanza wetu yuko wapi? Yule jirani tuliyemwacha kumsalimia. Yule mkwe tunayemhesabia kila anapotoka na kila anaporudi. Yule ndugu ambaye akija kututembelea tunajiuliza anataka nini, na asipokuja tunajiuliza anapanga nini. Tulimpigia wapi picha yake? Gizani. Tulimsogezea mwanga wowote, hata wa swali moja la heri? Na kamera ilikuwa mikononi mwa nani?

Sisemi hakuna watu waovu. Wapo, na wengine tumewahi kuumizwa nao. Ila binti huyu alikuwa na hofu na majivuno mikononi, mikono ikatetemeka, na mtetemeko wa mikono yake akausoma kwenye uso wa mtu mwingine. Mungu anatutazama sisi kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote, na mkono wake hautetemeki. Ndiyo maana bado anatupenda.

Leo tukirudi nyumbani tutamkuta mtu ambaye tumekwisha kumwona ana macho manne. Kabla ya kumrudishia posa yake, tukitazame kiti alichokalia.